Bwana Mawe na Kilima Chake

Shemeji yangu ni fundi friji, na laiti angebaki fundi friji tu, mimi ningekuwa na raha zangu duniani. Mtu aliyeshinda juma zima amejikunja nyuma ya mafriji mabovu, mara anachomelea bomba, mara anabadilisha mpira wa mlango, ikifika Jumapili anatakiwa alale. Alale chali, asikilize redio, agombane na nzi. Yeye wapi! Jumapili asubuhi ameshavaa viatu vyake vya kazi, amejaza chupa ya maji, ananigongea dirisha kwa ufunguo.

"Shemeji, umeamka? Nimesikia kuna ukuta wa kale kule nyuma ya tanuri la matofali."

"Nimelala," namjibu.

"Aliyelala hajibu. Vaa twende."

Kwa nini mimi? Kwa sababu nina pikapu. Siku za kazi pikapu hiyo ndiyo inayobeba mafriji ya wateja wake, kwa hiyo hawezi kuachana na mimi, na mimi siwezi kumkimbia. Isitoshe amemuoa dada yangu wa tumbo moja. Nikijifanya mgonjwa, jioni naitwa nyumbani kwao na kusomewa: "Wewe mtoto wa mama yangu, ndiyo umemwacha mwenzio atembee juani peke yake?" Na ajabu ni kwamba dada huyohuyo ndiye aliyempachika mumewe jina la Bwana Mawe, na akamtangazia mtaa mzima mpaka wateja wakawa wanauliza karakana ya Bwana Mawe iko wapi.

Kama angekuwa anapenda yale magofu makubwa yanayojulikana, yenye geti na vyoo na mtu wa kukueleza, ningesema haya, tunakwenda kupunga upepo. Hataki. Anasema huko kila mtu anakwenda. Yeye anataka yale yasiyojulikana, yaliyo karibu na nyumbani, ambayo watu wanayapita kila siku wakienda kusaga unga. "Watu wanasafiri mbali kutazama mawe ya wenzao," huniambia, "na ya kwao wanayaanikia nguo."

Hilo la nguo ni kweli, nililiona. Ule ukuta wa nyuma ya tanuri tuliukuta umefunikwa mashuka toka mwanzo hadi mwisho. Tukasimama pale kama wadai. Mwenye mashuka akatoka, mikono kiunoni.

"Mnamtafuta nani?"

"Tunatazama ukuta, mama," shemeji akamwambia kwa adabu zake zote.

"Kwani ukuta umefanya nini?"

Nikataka ardhi ipasuke. Shemeji akaanza kumweleza habari za watu wa kale, na yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatuomba tumsaidie kugeuza blanketi kwa kuwa limemshinda uzito. Tukageuza. Ndiyo ziara ile.

Jumapili nyingine tulifuata kibao cha barabarani kilichoandikwa MJI WA KALE na mshale. Tukaacha gari, tukatembea mpaka soli zikawaka, tukakuta kibao cha pili, kimeandikwa vilevile, mshale unatazama tulikotoka. Baina ya vibao viwili hapakuwa na hata tofali. Mara nyingine tukafika kwenye uzio wa seng'enge wenye kufuli kubwa kuliko geti lenyewe, tukaambiwa mwenye ufunguo amekwenda harusini na haijulikani harusi inaisha lini. Mahali pengine palikuwa na kisima cha kale kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Mwenye mashine alikuwa amekiziba kwa zege na kuweka tangi la maji juu yake. "Kipo hapo chini," akatuambia, "amini tu." Shemeji akaamini! Akasimama kulitazama lile tangi, kofia mkononi, na mimi hasira zimenipanda mpaka masikio yanawaka.

Tukirudi mikono mitupu, dada yupo mlangoni na maneno yake tayari. "Haya, leo mmeleta jiwe gani? La kusagia au la kujigongea vichwa?" Watoto wanaangua kicheko, majirani wanaangua kicheko, na mimi pia nacheka, kwa nini nisicheke? Shemeji anatabasamu tu, anaingia karakanani. Humo ana friji moja bovu la milango miwili, hakulitengeneza wala hakuliuza. Kwenye rafu za juu ameweka vigae vya vyungu, chini ameweka mawe, na kwenye sehemu ya barafu ameweka vile alivyoviona vya maana zaidi. Kuna mteja aliwahi kulifungua akitafuta maji ya baridi, akaondoka bila kuaga.

Sasa siku moja, kwa bahati tu, tulifika mahali geti liko wazi. Palikuwa ni pale ambapo watu wa zamani walikuwa wanayeyusha chuma. Mlinzi mmoja mchangamfu akatuonyesha mduara wa mawe uliokuwa tanuri, vipande vya bomba za udongo walizokuwa wakipulizia moto, na lundo la vitu vyeusi, vizito, vyenye vishimoshimo. "Haya ndiyo mavi ya chuma," akasema. "Chuma kikiyeyuka kinachukuliwa, uchafu wake unabaki hapa." Shemeji akaokota kipande, akakipindua, akanitazama. Sijawahi kumwona na macho yale.

"Shemeji," akasema, "mbona hivi tunavyo nyumbani?"

Nyuma ya mtaa wetu kuna kilima. Si kirefu, mtu wa kifua kibovu anapanda bila kupumzika. Watoto huteleza pale kwa magaloni yaliyopasuliwa, mbuzi hulala pale, na mvua ilikwishachimba mtaro ubavuni. Tulipoteremka tu kwenye pikapu akaenda moja kwa moja kwenye ule mtaro, akapiga magoti. Majivu. Juu ya majivu udongo mwekundu ulioungua. Juu yake vile vyeusi vizito, halafu majivu tena, tabaka juu ya tabaka. Na kileleni, chini ya majani, mduara wa mawe. Sisi tumezaliwa pale, tumekulia pale, tumekalia yale mawe tukila miwa, hakuna aliyewahi kujiuliza nani aliyeyapanga.

Nitasema kweli, siku ile nilisisimka. Nusu saa hivi. Kisha nikakumbuka kwamba sasa nitakuwa nikiamshwa kila siku, siyo Jumapili tu.

Basi angalau mtu amepata chake, si ndiyo? Amepata pa kwake, karibu na mlango wake, hapana geti, hapana kufuli, hapana mashuka. Loo! Haukupita muda manispaa wakaja na vigingi vyao vya rangi. Kilima kitasawazishwa, patakuwa maegesho ya malori. Mtaa ukashangilia, maana malori yaliyokuwa yakilala mbele ya nyumba zetu yalikuwa kero. Shemeji peke yake ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, tafadhali, pale pana historia. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Pana mavi!" Watu wakaanguka kwa vicheko. Dada yangu, nilimwona, aliinamisha kichwa na kujifunika mdomo kwa mtandio. Sikujua anacheka au ameona aibu.

Manispaa hawakuwa watu wabaya. Walisema, kama Ofisi ya Mambo ya Kale itatuma mtaalamu, na mtaalamu akathibitisha, basi greda halitapanda, watatafuta uwanja mwingine wa malori. Asipothibitisha, greda linapanda. Shauri lote likawa pale: mtaalamu aje, akione kilima kwa macho yake.

Hapo ndipo nilipoijua ofisi ya serikali vizuri kuliko chumba changu. Kile kibaraza chenye benchi la mbao lenye msumari uliochomoza, kila nikikaa unanikumbuka. Ile sauti ya feni isiyopoza. "Mhusika ametoka." "Mhusika yuko kikaoni." "Mhusika amepata uhamisho, mngojeni mhusika mpya." Waliahidi kuja, tukangoja kutwa nzima chini ya kilima, shemeji na shati lake la pasi, hawakuja. Wakaahidi tena, hawakuja tena. Mara ya pili nilimkuta karakanani amekaa juu ya kreti ya soda, shati halijavuliwa, anatazama ukuta. Dada alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai kinampoa mkononi. Hakusema la mawe wala la vichwa. Aliniangalia tu, akaniwekea chai ile mimi, akaondoka.

Ningejua anawaza nini, haki ya nani, ningemshika miguu.

Mara ya tatu walisema mtaalamu yupo tayari ila gari la ofisi limekufa. Nikasema basi! Mimi nitamfuata. Kesho yake asubuhi nikawa nawasha pikapu, shemeji bado anavaa shati lake la pasi, dada akanijia dirishani. "Mdogo wangu, msiwahi kurudi. Vutavuta muda kidogo." Nikamwuliza kuna nini. "Wageni wanapokelewa," akasema. "Au sisi hatuna adabu?" Nikadhani anapika. Nikafurahi hata, nikasema leo huyu mama ameamua kumheshimu mumewe.

Mtaalamu alikuwa binti mpole mwenye begi la turubai na buti zilizochakaa kihalali. Tukambana kwenye pikapu, yeye dirishani, shemeji katikati na gia baina ya magoti yake. Njia nzima walizungumza. Shemeji alikuwa na hesabu zake za kwamba kilima kile ni cha zamani sana kuliko vyote, binti akamwambia kwa upole kwamba huenda si hivyo, kwamba vigae alivyomletea vinaonyesha ni cha baadaye kidogo. Shemeji hakununa. Alicheka kama mtoto.

"Kinachosema ukweli ni matabaka," binti akamwambia. "Vile vyeusi tu, nikiviona peke yavyo, siwezi kusema lolote. Lazima nione vimelalia nini, na nini kimevilalia. Huko ndiko tunakopata mkaa wa kupima umri."

"Vipo vyote," shemeji akasema. "Hakuna aliyevigusa. Nani aviguse? Watu wenyewe wanavicheka."

Tukafika pale barabara ya lami inapokwisha na njia yetu inapoanza. Njia ile ilikuwa na mashimo ya kumeza gurudumu, nikamwambia binti ajishike. Lakini gari likapita laini. Nikashangaa. Mashimo yote yamejazwa, yameshindiliwa vizuri, tena kazi ya kisasa! "Jamani," nikasema, "leo mtaa umeamka! Tazameni njia!" Nilijisikia fahari, mimi niliyevunja springi mara ngapi pale. Chini ya magurudumu kulikuwa na mlio wa kitu kigumu kikikatikakatika.

"Simama," shemeji akasema.

"Tunakaribia, shemeji."

"Simamisha gari!"

Hajawahi kunipandishia sauti. Nikakanyaga breki. Akamruka binti wa watu kwa heshima alivyoweza, akateremka, akachutama kwenye shimo lililojazwa. Alipoinuka alikuwa ameshika kipande cheusi, kizito, chenye vishimoshimo. Binti naye ameteremka, amechukua kimoja, amekigeuza. Nikatazama njia ile mbele yangu mpaka inapokata kona. Nyeusi yote.

Tukapanda kilima kwa miguu. Sijui kama mmewahi kuona mahali palipopendeza mpaka mtu akataka kulia. Majani yote yamefyekwa. Ardhi imefagiliwa, mistari ya fagio inaonekana imelala upande mmoja. Ule mtaro uliokuwa ukionyesha matabaka umefukiwa na kusawazishwa ili mgeni asije akaanguka. Mduara wa mawe uliokuwa kileleni haupo, mawe yake yamepangwa pande mbili za njia ya kupandia, yamepakwa chokaa, yanang'aa. Mahali palipokuwa na lundo pamelimwa kwa jembe, pamepandwa maua. Na juu kabisa viti vya plastiki, meza yenye kitambaa, soda kwenye ndoo ya maji, na kinamama wa mtaa wamepanga mstari, mikono imepasuka kwa chokaa. Mbele yao dada yangu, kitambaa kipya kichwani, ameiva kwa jua na kwa furaha.

Ndivyo tulivyo mtaani kwetu. Mgeni akija, panafagiliwa, panapakwa chokaa. Aje diwani, aje mkwe, aje mtu wa kusoma mita, hakuna anayekuta uchafu. Majivu ni uchafu. Vitu vyeusi vya kukata watoto miguu ni uchafu. Na njia ya kumpitisha mgeni ilikuwa na mashimo, na pale kilimani pana lundo la kujazia. Mtu mwenye akili zake angefanya nini kingine? Niambieni, angefanya nini kingine! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba sina wa kumlaumu.

"Karibuni sana," dada akasema. Akamgeukia binti. "Mtaalamu, mume wangu huyu tumemcheka sana. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa wa kwanza. Lakini tumekaa na wenzangu, tukasema, kama jambo hili ni la maana kwake, basi si lake peke yake. Mahali hapa ni petu sote. Tumeamka tukapasafisha, usije ukasema watu wa hapa hawajui kutunza vitu vyao."

Kinamama wakapiga vigelegele. Binti akasema asante. Aliinywa soda, masikini, akatoa mwiko wake mdogo, akaanza kuzunguka. Alitafuta kweli, sitamsingizia. Alichutama kila kona, akakwangua chini ya maua, akaufukua ule mtaro mpaka kiwiko kikazama. Kila alipogusa majembe yalikuwa yametangulia. Mwisho akaja tulipokuwa tumesimama mimi na shemeji, mgongo kawapa wale kinamama, akasema kwa sauti ya chini: "Najua palikuwepo kitu. Naamini kabisa. Lakini kuamini kwangu hakuandikwi. Nitasema nilichokikuta."

"Sema ulichokikuta," shemeji akamwambia.

Dada akatujia, anajifuta mikono. Hakumtazama binti. Alimtazama mumewe. "Haya, Bwana Mawe, umepaonaje?"

Nikasema moyoni, sasa mwambie. Mwambie kwa upole, kwa ukali, vyovyote, lakini mwambie! Ulimi uliniwasha hadi nikauma meno. Shemeji akatazama yale mawe meupe yaliyopanga foleni, akatazama mikono ya mkewe, akatabasamu.

"Pamependeza," akasema. "Sijawahi kupaona hivi."

Nilimrudisha yule binti mjini, na tuliporudi wawili tu nilimvaa shemeji. Nikamwambia yeye ni mtu wa namna gani. Nikamwambia mimi nimekalia msumari wa benchi kwa ajili yake, nimeharibu Jumapili zangu, nimegeuza blanketi la mtu, na leo anasimama anasema pamependeza! Nikamwambia awaambie, wajue walichofanya, mtu hawezi kubebeshwa hasara halafu akapiga makofi. Nilipofika mwisho wa pumzi akasema, "Shemeji, tazama mbele, utagonga mtu."

Yaliyofuata ndiyo yaliyonimaliza. Dada yangu alikipenda kilima. Jioni anapanda na mumewe, anafagia, anamwagilia maua, anamwuliza hapa walikaa wapi, moto waliuwasha wapi, chuma walikipeleka wapi. Naye anamwonyesha kwa kidole mahali ambapo hapana kitu tena, anamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na yeye anasikiliza. Mgeni akija nyumbani, kabla hajamaliza chai, dada ameshamwinua: "Njoo nikuonyeshe kwetu palipoyeyushwa chuma." Wakikutana na mtu wa malori anamcheka: "Nyie tafuteni uwanja mwingine, hapa wataalamu wameshafika!" Na mimi nasimama pale, nayajua, mdomo nimeushona. Mara ngapi nilimvuta shemeji pembeni. "Utamwambia lini?" "Nitamwambia." "Lini?" "Shemeji, nipishe nitengeneze friji la watu."

Greda likaja asubuhi, mtaa unakunywa chai.

Mimi nilikuwa nashusha friji karakanani. Tukasikia mngurumo, kisha tukasikia sauti ya dada ikizidi mngurumo. Tulipofika alikuwa amesimama mbele ya lile sinia la chuma la greda, amejifunga kitambaa kiunoni, amenyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe, na kinamama wawili watatu nyuma yake. Msimamizi wa kazi, kijana mwenye kofia ngumu, alikuwa akimbembeleza.

"Mama, tafadhali, utaumia."

"Nitaumia wewe utafungwa! Hapa ni mahali pa kale! Mtaalamu amekuja hapa mwenyewe, kapanda, kanywa soda, kaona kwa macho yake! Kaulize kwenye ofisi yao!"

"Tumeuliza, mama. Walisema hapana cha kuhifadhi."

"Mwongo! Pamekuwaje hapana cha kuhifadhi na tumepatunza hivi? Tazama, pamefagiliwa leo!"

Yule kijana akavua kofia, akajikuna. Naona hakutaka kusema. "Walisema huenda palikuwepo kitu, mama. Ila walipofika walikuta pameshachimbuliwa, mawe yameng'olewa, kila kitu kimeondolewa. Yaani kama wasingepagusa, sisi tusingekuja."

Dada akabaki amenyoosha mikono. Akatazama yale mawe yenye chokaa, moja moja, kushuka njia yote, mpaka kule chini barabarani. Nikaona jambo linavyomwingia. Kisha akageuka, akamtafuta mumewe kati ya watu, akamwona amesimama pembeni yangu na bisibisi mkononi.

"Ulijua?" akamwuliza.

Shemeji akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Kabla hatujapanda."

"Na ukaniambia pamependeza." Mikono ikamshuka. "Nimepanda hapa kila siku nafagia, nawapigia watu domo, na wewe unajua. Ungenigombeza, mume wangu. Ungenigombeza tu."

"Ningekugombezaje," shemeji akasema, "na miaka yote nilikuwa nataka upande huku na mimi?"

Dada akakaa chini papo hapo, kwenye moja ya yale mawe, akaanza kulikwangua chokaa kwa kucha. Shemeji akamwendea, akachutama, akaweka bisibisi chini, na yeye akaanza kukwangua upande wa pili. Dada akawa anamwambia kitu lakini hasikiki, greda lilikuwa bado linaunguruma na moshi wake, dereva anatazama saa.

Nikamwendea mimi. Nikagonga mlango wake kwa ngumi.

"Zima hilo dude kidogo," nikamwambia. "Huoni watu wanaongea?"